ALIYELALA NA ANAYEAMSHA: Uhakiki wa Lugha ya Uamsho katika Ushuhuda wa Kikristo

Wahakiki wetu wa fasihi simulizi wameshughulikia kwa bidii ngano, methali, vitendawili na nyimbo za harusi. Uko utanzu mmoja, hata hivyo, ambao ni mara chache umepewa nafasi katika kurasa za walimu, ingawa husikika kila juma kuanzia Bukoba hadi Bujumbura, na kuanzia Kabale hadi Goma. Utanzu huo ni ushuhuda: maelezo anayoyatoa Mkristo mbele ya wenzake kuhusu jinsi alivyokuwa, jinsi alivyobadilika, na jinsi anavyotamani Mungu amkaribie tena. Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza utanzu huo kwa upande wa lugha yake, hasa lugha ya kutamani uamsho.

Tunapenda kueleza mapema kwamba hatukusudii kuipima imani ya mtu yeyote. Mizani ya imani haimo mikononi mwa mhakiki. Kinachotuhusu ni maneno: yametoka wapi, yanabeba nini, na ni wakati gani yanaacha kubeba chochote. Swali hili si dogo. Mtu anapomtamani Mungu hana chombo kingine cha kuwaelezea wenzake ila maneno, na maneno hayo yakiwa matupu, wenzake hawatajua kama hamu yake ni ya kweli, na huenda hata yeye mwenyewe asijue.

Chimbuko la lugha hii

Lugha tunayoizungumzia ilipata umbo lake katika Uamsho wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1928 daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alifika Gahini, mashariki ya Rwanda, kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Sehemu hizo zilikumbwa na njaa kali katika miaka ya 1928 na 1929. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, daktari huyo alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama ya kwake. Wawili hao walikaa na Biblia, wakafuatilia mafundisho yake juu ya Roho Mtakatifu, na wakaomba pamoja. Wengi huhesabu mkutano huo kuwa mwanzo wa mambo yaliyofuata.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Mwaka 1935 palikuwa na mkutano mkubwa Kabale, na Januari 1936 Kigozi akafariki dunia mjini Kampala akiwa bado kijana. Wito aliouacha kwa Kanisa lake ulikuwa neno moja la Kiluganda, "Zukuka", yaani amka. Mwaka 1937 wajumbe wa uamsho walifika Kabete, Kenya, na kabla ya miaka mingi kupita habari zilikuwa zimeenea Tanganyika na Burundi pia. Waliouitikia wito huo waliitwa kwa Kiluganda "abalokole", maana yake waliookoka. Kiswahili kililipokea neno hilo likawa "walokole", na mara nyingi limetumiwa kwa dhihaka.

Safari hii ya maneno inastahili kuangaliwa na walimu wa Kiswahili wa nchi zetu. Wimbo wa "Tukutendereza", ambao uliingia katika Kiluganda kwa tafsiri ya wimbo wa Kiingereza, umebaki na kiitikio chake cha Kiluganda hata midomoni mwa watu wasiojua Kiluganda. Ushuhuda wenyewe, kwa upande mwingine, ulihitaji lugha ya kuelewana kati ya Mnyarwanda, Mganda, Mhaya na Mkikuyu, na mara nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Katika Uganda, ambako Kiswahili kimesikika kwa miaka mingi kambini na kwenye vizuizi vya barabara, hata wengi wakakiogopa, ni vema kukumbuka kwamba lugha hiyo hiyo imetumika pia kuombana msamaha.

Uamsho na mwamko

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi amka, na kutokana nacho tunapata nomino mwamko. Kina pia kitenzi amsha, ambacho ni kauli ya kutendesha, na kutokana nacho tunapata uamsho. Wanasiasa wamelipenda zaidi neno la kwanza: husema mwamko wa wakulima, mwamko wa wananchi. Anayeamka ndiye mtendaji. Wakristo walichagua neno la pili, na uchaguzi huo una maana. Uamsho huhitaji watu wawili: anayeamsha na anayeamshwa. Asemaye "tunatamani uamsho" anakiri, kwa sarufi yenyewe, kwamba amelala na kwamba hawezi kujiamsha. Anamngoja mwingine aje.

Hapo ndipo penye uzito na hatari ya neno hili. Kitenzi amsha hakisemi ni nani anayeamsha. Kwa mashahidi wa kwanza mtendaji alikuwa Mungu, na aliyelala alikuwa msemaji mwenyewe. Lakini ni rahisi sana nafasi hizo kubadilika, msemaji akawa mwamshaji na wasikilizaji wakawa waliolala. Wahenga walisema: "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe." Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mtu asimzindue mwenzake katika jambo litakalomletea hasara yeye mwenyewe. Hapa tunaweza kuisoma kwa namna nyingine: mwenye kazi ya kuamsha wengine yumo katika hatari ya kulala yeye kwanza.

Kisa kimoja cha Gahini kinaeleza jambo hili vizuri. Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali ile, alimtembelea Nsibambi Kampala akiwa na malalamiko mengi juu ya hali ya kazi huko Gahini. Nsibambi hakumtuma akawaamshe wenzake. Alimwelekeza autazame moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi nyumbani mtu mwingine, na baadaye akawa mmoja wa viongozi wa uamsho huo. Sarufi ya kisa hiki ni ya nafsi ya kwanza, umoja.

Fanani, hadhira na muundo

Ushuhuda una muundo unaotambulika. Fanani husimama na kusalimu, "Bwana asifiwe," na hadhira humwitikia. Hujitaja. Hueleza maisha yake ya awali, kisha saa ya kugeuka, kisha matunda ya kugeuka huko: deni lililolipwa, mali iliyorudishwa, jirani aliyeombwa msamaha. Mwisho hueleza hali yake ya leo na haja yake ya maombi. Hadhira hufunga kwa wimbo. Waalimu watatambua kwamba muundo huu haupungukiwi na chochote kati ya vile tunavyovidai katika utanzu wa masimulizi: una mianzo, mgogoro, kilele na ushiriki wa hadhira.

Una jambo moja zaidi, ambalo ngano haina. Wahusika wa ushuhuda wamo humo humo chumbani. Fanani akisema kwamba alimdhulumu shemeji yake, shemeji huyo huenda ameketi kwenye benchi la tatu. Ndiyo maana ushuhuda wa miaka ya mwanzo uliwatikisa watu. Katika enzi ya ukoloni lilikuwa jambo geni kabisa mmisionari Mzungu kusimama na kumwomba Mwafrika msamaha kwa kiburi chake, naye Mwafrika kukiri chuki yake mbele ya Mzungu huyo. Maneno yalikuwa na mtu wa kuyathibitisha au kuyakanusha papo hapo.

Kauli ya kutendeka: okoka na vunjika

Vitenzi viwili vya uamsho vinahitaji kuchunguzwa na mwalimu. Cha kwanza ni okoka. Tunafundisha kwamba kauli ya kutendeka hueleza hali bila kumtaja mtenda. Twasema "kikombe kimevunjika" pasipo kusema ni nani aliyekivunja. Kadhalika, asemaye "nimeokolewa na Yesu" anamtaja mtenda, na asemaye "nimeokoka" anataja hali yake tu. Hatusemi kwamba neno hili ni baya. Lakini tukumbuke maana yake ya kila siku. Abiria akisema kwamba ameokoka, tutamwuliza: katika ajali gani? Aliyeokoka majini huyataja maji. Ushuhuda usemao "nimeokoka" bila kueleza kutoka katika nini umeacha nusu ya habari.

Kitenzi cha pili ni vunjika. Mafundisho ya uamsho yalitilia mkazo kuvunjika, yaani kuinamisha ule ubinafsi unaokataa kukosolewa, na msingi wake ni Zaburi ya 51, yenye habari za moyo uliovunjika. Hapa mwanafunzi hupata tabu. Katika Kiswahili cha kawaida kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba Mungu anataka tuvunjike moyo, mwalimu atatia wino mwekundu. Je, ni nani aliyekosea? Tunaona kwamba lugha ya uamsho imelichukua umbo la zamani ikalipa kazi mpya, na kazi hiyo haieleweki mpaka shahidi aonyeshe ni kitu gani kilichovunjika. Ikiwa ni kiburi, aseme ni kiburi, tena cha siku gani na dhidi ya nani. Asipofanya hivyo, msikilizaji mgeni atadhani kwamba mtu huyu amekata tamaa tu, wala hatakuwa na makosa kufikiri hivyo.

Mifano miwili

Ili hoja yetu isibaki hewani, tuchukue mifano miwili tuliyoitunga wenyewe kwa ajili ya uchambuzi. Shahidi wa kwanza anasema hivi:

"Namshukuru Bwana kwa kuwa ameniokoa, amenitoa gizani, ananitembeza katika nuru. Natamani uamsho, natamani uwepo wake. Mniombee nizidi kusonga mbele."

Shahidi wa pili anasema:

"Jumanne nilimkaripia mchukuzi mbele ya watu kwamba ameniibia fedha. Nilipofika nyumbani nilizikuta ndani ya mfuko wangu. Sijarudi kumwambia. Tangu siku hiyo nikisali naona kimya. Kesho nitakwenda sokoni kumtafuta."

Shahidi wa kwanza ametumia maneno yote yanayotazamiwa, na hakuna hata moja lenye kosa. Lakini maneno yake yanaweza kusemwa na mtu yeyote, mahali popote, mwaka wowote. Shahidi wa pili hakutaja uamsho wala uwepo, lakini hamu ya kumrudia Mungu inasikika katika kila sentensi yake. Tena tuangalie nyakati alizotumia: "nilimkaripia", "sijarudi", "naona", "nitakwenda". Ana jana, ana leo, ana kesho. Shahidi wa kwanza anakaa zaidi katika -me-, yaani katika mambo yaliyokwisha timia, na katika matamanio yasiyo na siku.

Tunapenda kukaa kidogo kwenye neno "sijarudi". Kiswahili kina utajiri ambao lugha nyingi hazina: kinatofautisha "sikurudi" na "sijarudi". La kwanza limefunga mlango. La pili limeuacha wazi. Jambo halijatendeka, lakini linatazamiwa. Vivyo hivyo, asemaye "Mungu hakunijibu" amemaliza habari, na asemaye "Mungu hajanijibu" bado anangoja. Kwa maoni yetu, kiambishi hiki kidogo ndicho makao halisi ya hamu ya uamsho katika lugha yetu. Mtu anaweza kukaa miaka mingi ndani ya -ja- bila kudanganya na bila kukata tamaa. Mashahidi wengi huona haya kukitumia, wakidhani kwamba ni lazima kila ushuhuda uishie katika -me-. Kwa sababu hiyo wale ambao bado wanangoja hukosa neno la kusema, nao hunyamaza au huazima ushindi wa wengine.

Uso na uwepo

Neno "uwepo" lililomo katika mfano wa kwanza limeenea sana siku hizi. Katika Biblia ya tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, Musa anapomsihi Mungu aende pamoja na watu wake, katika sura ya 33 ya Kutoka, neno linalotumika ni uso. Mahali pengi pengine twasoma "mbele za Mungu". Uso ni wa mtu aliye hai. Uso hutazama, huweza kugeuzwa, na mtu huweza kuona haya mbele yake. Neno uwepo ni pana zaidi: twasema uwepo wa mvua, uwepo wa magari barabarani. Halina macho. Kwa hiyo limekuwa rahisi kulisemea kama kitu: kwamba uwepo unashuka, unajaa ukumbini, unaongezeka. Na kitu kinachoongezeka huanza kupimwa, mara kwa ukubwa wa vipaza sauti, mara kwa wingi wa watu. Mabango hututangazia juma la uamsho kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, kana kwamba anayeamsha amekwisha kukubali ratiba.

Hatupendekezi neno hilo lipigwe marufuku. Lugha hukua, na uwepo ni neno lililoundwa kwa kanuni. Tunasema tu kwamba alitumiaye ajiulize: kama ningesema "uso" mahali hapa, ningethubutu kuendelea na sentensi yangu?

Utetezi wa maneno yaliyozoeleka

Haki inatudai tueleze upande wa pili. Maneno yaliyozoeleka yana faida zake. Msimulizi wa ngano huanza kwa "Paukwa" na hadhira humjibu "Pakawa", wala hakuna anayemlaumu kwa kurudia. Mtu mwenye haya, au asiyepata nafasi ya kwenda shule, hupata katika maneno hayo njia iliyokwisha kusafishwa. Mgeni aliyetoka mbali husikia salamu aijuayo na hujua kwamba amefika kwa ndugu. Kwa hiyo kosa haliko katika kuwa na mapokeo. Kosa liko katika kukomea mlangoni. Anayesema "Paukwa" anatazamiwa kuendelea na hadithi.

Pale maneno yalipojaribiwa

Historia ya nchi zetu imeyajaribu maneno haya kwa ukali kuliko mhakiki yeyote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, baada ya mvutano juu ya mahubiri na maombi yao ya alfajiri. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, wako watu wa uamsho waliokataa kula kiapo na pia wakakataa kushika silaha za serikali. Baadhi yao waliuawa. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Uganda. Askofu Festo Kivengere, ambaye zamani alifundisha shule huko Dodoma, alikimbia nchi, na mwaka huo huo akatoa kitabu kinachotangaza upendo kwa Idi Amin. Tukubali au tusikubali msimamo huo, neno "msamaha" kwake lilikuwa na jina la mtu.

Lakini haitupasi kunyamaza juu ya Rwanda. Katika nchi ya Gahini, mwaka 1994, watu waliuawa hata ndani ya makanisa, na wengi miongoni mwa wauaji walikuwa wamebatizwa na walizijua nyimbo. Wapo waliokataa kuua, na waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha. Hata hivyo neno "ndugu", ambalo ushuhuda ulikuwa umelitamka kwa zaidi ya miaka 60, halikutosha kuwazuia wengine. Hatudai kwamba uhakiki wa lugha ungeweza kuzuia mauaji. Sababu zake ni za siasa na za historia ndefu. Tunasema kwamba shahidi anayemwita "ndugu" kila aliyemo chumbani, bila kumtaja hata mmoja anayemchukia, ameliacha neno hilo bila kazi. Mashahidi wa kwanza walilipa kazi neno hilo walipotaja chuki zao kwa majina.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lugha ya uamsho ina nguvu pale msemaji anapojiweka mahali pa aliyelala, anapotaja mambo kwa majina yake, na anapothubutu kusema "bado". Inadhoofika pale anapojiweka mahali pa mwamshaji na kutegemea maneno yaliyokwisha kusemwa na wengine.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mnapofundisha kauli ya kutendeka, msiviache vitenzi okoka na vunjika kwa wahubiri peke yao. Wanafunzi wetu huvisikia kila Jumapili, nao wana haki ya kuelewa jinsi vinavyofanya kazi. Pili, mnapofundisha ukanusho, toeni nafasi ya kutosha kwa -ja-. Mwanafunzi aliyezoea kuandika "sikuelewa" afundishwe kusema "sijaelewa". Huenda siku moja, katika shida yake, akahitaji kusema neno kama hilo mbele za Mungu, na ni vema alikute tayari limo katika lugha yake.

Tunakaribisha maoni ya wasomaji, hasa wale ambao wamesikiliza ushuhuda katika lugha nyingine za eneo letu na wanaweza kulinganisha.